Chura wa Ua Jeupe

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ngara miaka ile ya wakimbizi, hatukuhitaji simu ituambie jina la chura. Juzi mwanangu wa mwisho alimpiga picha chura aliyeingia jikoni kwangu hapa Biharamulo, akabofyabofya simu yake, kisha akanisomea jina refu la kigeni kama jina la dawa ya minyoo. Nikamuuliza, "Sawa, na anakaa wapi?" Akaitazama simu tena. Nikamwambia, "Baba, mimi nikiwa darasa la tatu ningekuambia anakaa wapi, anatoka saa ngapi na shangazi yake ni nani." Akacheka, akaenda zake. Watoto wa siku hizi wakisikia tu "enzi zetu" wanakumbuka kwamba wana chaja ya kutafuta.

Kwetu ni upande wa Kabanga, juu mlimani, mahali ambapo ukisimama kwenye migomba asubuhi unaona moshi wa majiko ya Burundi ukipanda sawasawa na wa kwenu. Chini kulikuwa na bonde lenye chemchemi, matete na mafunjo. Lilinuka tope, majani mabichi na sabuni ya mche, kwa sababu akina mama walifulia pale pale. Tukitoka shule tulichukua madumu na kushuka. Mama yangu alikuwa na desturi ambayo wenzangu wa rika langu mtaikumbuka: alitema mate chini na kusema, "Haya yakikauka hujarudi, utanitambua." Nami nilishuka mbio, na nikifika bondeni nasahau kabisa kwamba kuna mate yananisubiri.

Kilichonisahaulisha ni mchezo wa vyura. Rede tulicheza, mdako tulicheza, kombolela tulicheza mpaka magoti yakawa na rangi ya barabara, lakini mchezo wa vyura ndio uliokuwa na heshima. Mmoja anakamata chura na kumfunika kwa jani la gimbi wengine wasimwone. Kisha anataja alama zake tu: mgongo, tumbo, paja, vidole. Anamalizia kwa kuuliza, "Anakaa wapi?" Ukipatia, zamu inakuwa yako. Ukikosea, unambebea mwenzako dumu mpaka mwinuko wa kwanza, na mwinuko wa kwanza wa kwetu si wa mchezo.

Kwa hiyo tulijifunza haraka kuliko tulivyojifunza jedwali la kuzidisha. Mgongo wa vinundu, rangi ya udongo, hana haraka na mtu? Huyo anakaa chini ya mawe na nyuma ya choo. Mgongo laini, miguu mirefu, mstari mmoja katikati kama nywele za mwalimu wetu wa hesabu? Wa mfereji wa shamba la maharage, na ukishamwona ujue ameshakuona. Mdogo kama harage, mistari ya njano na kijani, vidole vyekundu kana kwamba amepaka hina? Huyo ni wa matete. Mchana ananyamaza juu ya unyasi kama aliyebandikwa, jioni bonde zima linalia kama vijiko vinavyogongwa kwenye glasi. Wazee walituonya kwamba tutaota sunzua mikononi. Tuliota kweli, na tuliendelea.

Kisha wakaja watu. Barabara ya Kabanga ilijaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: magodoro kichwani, masufuria, mbuzi, baiskeli iliyobeba bibi kizee, watoto waliofungwa mgongoni wakiwa wamelala. Vilima tulivyozoea kuviona vya kijani vikavaa shitingi za bluu, yale maturubai ya msaada. Miti ikapungua, kuni zikawa za kwenda mbali. Chemchemi yetu ikawa na foleni ya madumu iliyopinda kama nyoka, na unga wa njano wa mgao ukaanza kuonekana majikoni kwetu, umebadilishwa kwa ndizi na mihogo.

Siku moja Mama alikuwa akirudi kutoka sokoni Kabanga katikati ya msongamano ule. Alivaa kitenge cha bluu chenye madoa meupe, kitenge kilichoingia madukani mwaka ule na kila mwanamke wa pande zote mbili za mpaka akawa nacho. Alihisi kimevutwa, akadhani ni watu tu. Alipofika penye njia ya kupanda kwetu akatazama chini, akaona mtoto wa kike wa umri wa kukaribia kuota meno mapya, ameshika pindo kwa mikono miwili. Mtoto naye akanyanyua uso, akaona kwamba kitenge ndicho lakini mwenyewe siye. Mama anasema mtoto hakulia. Aliendelea tu kushika.

Mama alikaa naye kando ya barabara mpaka watu wakapungua, akiuliza kila aliyepita. Akampeleka kambini, wakubwa wa pale wakamwomba akae naye kwanza wakati wanatafuta, maana watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Ndivyo alivyofika nyumbani. Kirundi chake na Kihangaza chetu ni lugha zinazoelewana kama majirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo kumuuliza hakukuwa tatizo. Unaitwa nani? Spesi. Baba yako anaitwa nani? Baba. Unatoka mlima gani? "Imuhira," akasema, yaani nyumbani. Baada ya hapo akafunga mdomo, na kwa muda mrefu hakuufungua ila kwa chakula.

Watu wote waliamini ametoka hapo ng'ambo tu, kwenye vilima tunavyoviona. Miguu midogo vile ingemtoa wapi kwingine? Padri alitangaza baada ya Misa, na watu wa vilima vile wakaulizwa mmoja mmoja. Wakaja wanawake waliopoteza watoto. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami niliujua uso wake kabla sijajua methali yenyewe. Kila aliyefika, Spesi alimtazama kwa makini na kusema taratibu, "Si uyu," siye huyu. Mmoja wao, baada ya kuambiwa hivyo, aliomba maji ya kunywa, akakaa, akamvuta Spesi magotini na kumsuka nywele kichwa kizima. Alipomaliza aliaga vizuri, akateremka. Mama aliingia ndani na hakutoka mpaka maharage yakaungua.

Mimi, niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Nyumbani kwetu walikuwa wavulana watupu wanaonuka mbuzi, na mimi peke yangu katikati. Nilimtawaza Spesi kuwa mdogo wangu bila kumshauri. Tulilala mkeka mmoja, akinitia miguu yake ya baridi tumboni. Nilimtafutia kopo la mafuta la mgao, nikalitoboa na kulitia kamba, likawa dumu lake. Dagaa alizitenga kwa kidole pembeni mwa sahani, zikijipanga kama wanafunzi wa mstari wa asubuhi, na Mama, ambaye sisi wengine tungefanya vile angetutandika, alizila yeye kimyakimya. Baba aliliona hilo. Jioni moja akamwambia, "Usimzoee sana mtoto wa watu." Mama akajibu, "Umechelewa kuniambia."

Bondeni Spesi alikuwa mtazamaji. Alichuchumaa kando, akasikiliza alama, akatazama chura akifunuliwa. Nilianza kugundua kwamba kila chura wa matete akifunuliwa yeye hutikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa chenji siyo. Halafu siku moja, zamu ikiwa haina mwenyewe, akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko tulivyotegemea.

"Mgongo mweusi. Madoa meupe, kama maziwa yaliyodondoka. Ndani ya paja ni mwekundu. Anakaa wapi?"

Mmoja akasema matete, mwingine mafunjo, mwingine kwa kukata tamaa akasema choo. Spesi akatikisa kichwa kwa wote. Tukamwambia, haya, mfunue basi tumwone, na yeye hakuwa na chura wala jani. Wavulana wakapiga kelele kwamba huo ni wizi, chura wa matete ana mistari, hana madoa, na asiye na chura hana zamu. Spesi akaanza kulia, ndiyo mara ya kwanza namwona akilia, akasema kwamba yuko, yuko nyumbani, penye maji yanayouma miguu kwa baridi, na analala ndani ya ua jeupe lililojikunja kama tarumbeta. Wakacheka zaidi. Chura ndani ya ua, tena la kupeleka altareni?

Nilimpiga mmoja kwa kopo la mafuta. Nilikuwa mtoto wa hasira za karibu. Na hapo ndipo lilipoanza jambo lenyewe, na wala halikuanza kwa akili yangu. Nilitaka tu kuwaonyesha wale wavulana kwamba mdogo wangu si mwongo. Nikamshika Spesi mkono, nikamwendea mwanamke wa kwanza kwenye foleni ya madumu, mkimbizi aliyekuwa amefunga mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kwenu vyura wakoje?"

Alidhani nimetumwa kumtukana. Wa pili alicheka akasema kwao vyura ni vyura. Mzee mmoja alituuliza kama kwetu hakuna kazi za nyumbani. Siku ile hatukupata kitu, wala kesho yake, lakini mimi nikishika jambo huwa siachii kirahisi, hata mume wangu atawaambia. Kila alasiri tuliifuata foleni kutoka mwanzo hadi mwisho, Spesi akitaja alama na mimi nikitia mkazo. Tukawa maarufu. Akina mama wakituona wanaanza wenyewe: "Wa kwetu ni wa kijani." "Wa kwetu ana mstari." Hao wa ng'ambo ya karibu, wote, vyura wao walikuwa kama vyura wetu.

Mpaka akaja mwanamke mmoja mrefu, mgeni kwenye chemchemi yetu, aliyekuja kumtembelea ndugu yake. Alikuwa ameinama akikinga maji. Spesi alipofika penye madoa ya maziwa, yule mwanamke hakugeuka, ila dumu lilijaa, likafurika, maji yakamwagikia miguuni naye hakuliondoa.

"Yule anayelala ndani ya ua?" akauliza.

Spesi akasema ndiyo.

"Huyo hayuko huku kwenye joto," akasema. "Huyo ni wa juu kabisa, kwenye ukungu, safari ya siku nyingi. Nimeolewa huko." Akamtazama Spesi kwa muda, akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, mtoto huyu tunamtafutia wapi ndugu zake. Nikamwambia hapo ng'ambo. Akasikitika. Akasema watu wa milima ile ya baridi hawakuwekwa kambi zetu, walipelekwa kambi nyingine, upande wa Biharamulo, akaitaja jina, na kwamba yeye mwenyewe ametokea huko. Mtoto lazima alibebwa na lori sehemu ya njia, akatengana nao mpakani.

Nilipanda mlima nikiimba. Nilimpa Mama habari yote nikianza na wale wavulana, kwamba sasa watabeba madumu yetu mpaka wakome. Mama alikuwa akimenya ndizi. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza jina la kambi, nikamtajia. Aliendelea kumenya ndizi, akamenya nyingi kuliko tulizoweza kula, na hapo katikati ya furaha yangu nikaelewa ninachoimbia. Niliacha kuimba. Nilitamani yule mwanamke angekuwa na chura wa mistari kama wengine.

Mama angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza, na mtoto mwenyewe alikuwa ameanza kumwita Mama. Nilimwona usiku ule na asubuhi yake akimpaka Spesi mafuta taratibu, mkono, mguu, kidole kimoja kimoja. Kisha akamwambia Baba atutafutie lori.

Tulisafiri juu ya magunia ya mihogo, vumbi jekundu likatufanya wote watatu kuwa wa kabila moja. Getini kambini mlinzi alimwambia Mama kwamba raia wa kawaida hapewi mgao. Mama, ambaye mpaka leo kwake l na r ni ndugu wasiogombana, akakusanya Kiswahili chake chote: "Sitaki mgao, afande. Nimereta mtoto." Yule mlinzi akamtazama Spesi, akafungua.

Walituelekeza kwenye eneo la watu wa milima ya baridi, penye uwanja mdogo mbele ya kanisa la shitingi. Watu walikuwa wengi, wanapika, wanachanja kuni, wanafyatua matofali ya udongo. Nilidhani Mama atasimama apaze sauti kwamba kuna mtoto aliyepotea. Hakufanya hivyo. Baadaye alinieleza kwamba angesema vile wangekuja wanawake wote wa kambi, naye hakuwa na moyo wa kuona tena kichwa kikisukwa. Akainama, akamfuta Spesi vumbi usoni, akamwambia, "Cheza mchezo wenu."

Spesi akasimama katikati ya uwanja. "Mgongo mweusi," akasema. "Madoa meupe, kama maziwa yaliyodondoka. Ndani ya paja ni mwekundu. Anakaa wapi?"

Watu wakageuka. Wengine wakatabasamu, kama unavyotabasamu ukisikia wimbo wa kwenu. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta unga akajibu kwamba anakaa ndani ya ua jeupe. Spesi akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka pale. Alingoja. Sikuelewa anangoja nini, jibu lilikuwa ndilo.

Kutoka kwenye matofali, mwanamume ambaye tulimwona mgongo tu akasema, bila kusimama, kama mtu anayeongea na nafsi yake:

"La chini. La juu lina upepo."

Halafu akasimama haraka sana na kugeuka.

Spesi alishakimbia. Nakumbuka mikono ya yule baba. Ilikuwa na udongo hadi viwikoni, na mtoto alipomrukia aliitanua kando, kama mabawa, asilichafue gauni. Alibaki amesimama vile, mikono hewani, analia, mpaka yule mama wa unga akaja akamwambia, "Mshike tu, nguo hufuliwa."

Baadaye alitueleza kwamba kila alfajiri walikuwa wakiteka maji pamoja, yeye na binti yake, penye maua yale, na kwamba mama wa mtoto hakuvuka. Alitupa unga wa njano kwenye kitambaa. Mama alikataa, akauona uso wake, akapokea kwa mikono miwili. Spesi alikaa katikati ya magoti ya baba yake, akiongea, akiongea, kama bomba lililozibuliwa. Tulipoinuka kuondoka aliniuliza, "Kesho tunateka saa ngapi?" Nikamwambia asubuhi. Nilikuwa mkubwa kidogo kuliko yeye, lakini si sana, na sikujua jibu jingine.

Miaka ikapita, shitingi zikapungua vilimani, watu wakaanza kurudishwa kwao. Tulisikia kwamba watu wa kambi ile watapitishwa barabara ya Kabanga. Siku gani, hakuna aliyejua. Basi Mama alichemsha viazi vitamu, akavifunga kwenye majani ya mgomba, akasimama barabarani. Alifanya hivyo kila malori yaliposikika. Yalipita yamejaa watu, watoto wakipunga mikono, naye akikagua uso mmoja mmoja, yakishapita anawagawia viazi watoto wa jirani. Alikuwa akitafuta kasichana kadogo ka kupaka mafuta. Mimi nilijua kwamba wakati ule Spesi lazima alikuwa msichana mrefu, pengine amenizidi. Sikumkumbusha.

Leo bonde letu wamelima mboga, matete yamefyekwa, jioni ni kimya. Nikienda na wanangu nawaonyesha palipokuwa na foleni, wananitazama kwa huruma, wanatafuta mtandao. Na mtu akipotea siku hizi, picha yake inazunguka kwenye simu za watu na kurudi kabla chai haijapoa. Ni jambo jema, sitasema uongo. Tungekuwa nazo, wale wanawake wasingepanda mlima wetu kwa miguu kuja kuambiwa siye. Ila najiuliza kama kuna mtoto wa leo ambaye akiwekwa katikati ya uwanja wa wageni ataweza kusema kwao kukoje mpaka baba yake asimame.

Barabara ya Kabanga imewekwa lami. Malori yanayopanda sasa yamebeba saruji na sukari na mafuta ya petroli, hayana watu. Mama amezeeka, masikio yake yamechoka kwa mengine yote, lakini gari kubwa likibadilisha gia kule chini kwenye mteremko analisikia kabla yetu. Anajifunga vizuri, anatoka. Wajukuu waliwahi kumwambia kwamba ni mizigo tu, Bibi, nikawakataza. Sasa wamezoea. Wakimwona anaelekea barabarani, mmoja anambebea kiti.